Ubao Mama wa Kompyuta Kongwe: Utangulizi kwa Mjenzi wa Mombasa

Katika kompyuta yoyote, ubao mama ndio wenye kauli. Ndio unaoamua prosesa gani itakaa, RAM ya aina gani itaingia, kadi zipi zitachomekwa na umeme upi utahitajika. Anayetaka kuunda upya kompyuta ya miaka ya 1980 au 1990 hana budi kuanzia hapo, kabla hajanunua kasha wala skrini. Utangulizi huu ni wake, na hasa ni wa yule anayeishi Kisiwa cha Mombasa, ambako hewa yenyewe ni sehemu ya somo.

Fani hii imekaa kati ya historia, ufundi na uhifadhi. Uhifadhi si jambo geni kwetu. Kati ya 1977 na 1980, wapiga mbizi walifukua mabaki ya meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, na vitu vingi walivyovitoa vimehifadhiwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Kazi ya namna ile hufundisha kanuni ambayo mjenzi wa kompyuta kongwe ataihitaji kila siku: chumvi ikishapenya ndani ya kitu, kupangusa nje hakutoshi. Ni lazima itolewe, kisha kitu kikaushwe na kulindwa.

Kwa nini mtu ajisumbue? Sababu ya kwanza ni maandishi. Katika vyuo na ofisi za Kenya miaka ya 1990, watu walifundishwa WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase, na kazi zao wakaziweka kwenye diski laini. Diski za inchi 3.5 unaweza kuzisoma kwa kisomaji cha USB. Zile kubwa za inchi 5.25 ni shida nyingine: zinataka kiendeshi chenye kebo yake, na kwa kawaida kidhibiti cha diski kilichomo kwenye ubao wa zamani au kwenye kadi ya ISA. Aliye na diski hizo na hana kifaa cha kuzisomea amefungiwa nje ya kumbukumbu zake mwenyewe. Sababu ya pili ni elimu. Kwenye ubao wa zamani mwanafunzi huona kwa macho mambo ambayo leo yamefichwa ndani ya chipu moja: saa, kache (kumbukumbu ndogo ya haraka), kidhibiti cha kibodi, na jampa za kupangia voltu na kasi.

Mbao zenyewe zigawe katika vizazi vitatu, upate pa kushika.

Kizazi cha kwanza ni cha 486, prosesa iliyotolewa na Intel mwaka 1989. Kadi zake huchomekwa kwenye nafasi za ISA, na kuanzia 1992 baadhi ya mbao zikaongezewa nafasi ndefu za VLB kwa ajili ya picha na diski. Ubao wa 486 unaotumia RAM fupi za pini 30 hutaka nne kwa pamoja. Ukikosa moja, mashine haiwaki. Uangalie pia umeme: 486 za awali hutumia voltu 5, ilhali DX4 ya mwaka 1994 hutumia takriban 3.3. Jampa ikikaa vibaya, prosesa inaweza kuungua.

Kizazi cha pili ni cha Socket 7, enzi ya Pentium. Hapa ISA na PCI hukaa pamoja kwenye ubao mmoja, kwa hiyo kadi ya sauti ya zamani na kadi ya picha ya baadaye zote zinapata mahali. Mbao zenye chipseti ya Intel 430TX, ya mwaka 1997, hupokea Pentium MMX, ambayo kiini chake hutumia voltu 2.8, na nyingi hupokea RAM ya SDRAM. Zina mpaka mmoja wa kukumbuka: kache yake huhudumia megabaiti 64 za mwanzo tu, hivyo kuongeza RAM zaidi kunaweza kuipunguzia mashine kasi. Ukizima kache, ubao huohuo utatambaa kwa mwendo wa mashine za zamani zaidi, jambo linalofaa kwa programu zisizovumilia kasi.

Kizazi cha tatu ni cha Slot 1, na kinara wake ni chipseti ya 440BX ya mwaka 1998. Hupokea Pentium II na Pentium III, ina nafasi ya AGP, na nyingi kati ya mbao zake bado zina ISA moja au zaidi. Zimefuata mpangilio wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995, kwa hiyo makasha yake ni rahisi kupatikana.

Kwa hapa Mombasa, hoja yangu ni kwamba afya ya ubao itangulie umri wake, uadimu wake na kasi yake. Nyumba za Mji wa Kale, kutoka Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale, zimekaa hatua chache kutoka baharini. Upepo wa kusi na wa kaskazi huleta unyevu wenye chumvi, na unyevu huo hushikana na vumbi juu ya ubao hadi ukawa njia ya umeme. Ubao wa kawaida ulio mzima utakutumikia miaka mingi. Ubao adimu uliokwisha kuliwa na kutu utakula pesa zako na vipuri vyako.

Basi ukaguzi uanze kwenye betri. Mbao nyingi za 386 na 486 zina betri ya pipa ya nikeli na kadimiamu, ambayo ikizeeka huvuja alkali na kuozesha njia za shaba zilizo karibu nayo, mara nyingi pale pale kwenye chipu ya kibodi. Ukiona ukungu wa kijani au wa buluu, geuza ubao uangalie na upande wa chini. Betri ikatwe mara moja, alkali iuliwe kwa siki au maji ya ndimu, kisha pasuuzwe. Mbao za Socket 7 nyingi hutumia betri bapa ya CR2032, ambayo haina balaa hilo, na kwa sababu hiyo peke yake nazipendekeza kwa anayeanza.

Kisha angalia kapasita. Mbao zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi zilikumbwa na kapasita mbovu zinazovimba vichwa na kutoa uchafu wa kahawia. Fundi mwenye chuma cha kulehemu na subira anaweza kuzibadilisha. Mwisho, chungulia ndani ya nafasi za kadi, matundu ya skrubu na bati la soketi ya kibodi: kutu hapo inakwambia ubao uliishi wapi.

Ubao wenye chumvi huoshwa, lakini si kwa maji ya kisima, kwani visima vya kisiwani vina chumvi yake. Toa betri na prosesa, tumia brashi laini na maji yaliyotoneshwa, malizia kwa spiriti, kisha ukaushe kivulini mbele ya feni kwa siku kadhaa. Baada ya hapo uutunze kwenye sanduku lenye kifuniko pamoja na vifuko vya silika.

Umeme nao una masharti. Umeme wetu ni wa voltu 240, na pawasaplai nyingi za zamani zina swichi ya 115 na 230 kwa nyuma. Iliyotoka Marekani huenda imewekwa 115, na ukiiwasha hivyo itapasuka. Kwa mbao za AT, mpangilio uliotangulia ATX, plagi mbili za umeme huingia zikiwa na nyaya nyeusi katikati, zikigusana. Ukizibadilisha nafasi, ubao umekwisha.

Diski kuu nazo zina kikomo kwenye mbao za zamani. BIOS (programu ya kuwashia iliyomo kwenye ubao) nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 hazioni zaidi ya megabaiti 504. Kadi ya CompactFlash yenye adapta ya IDE hutatua mengi: haina sehemu inayozunguka, haipigi joto, na hunakiliwa kwa urahisi.

Kwa anayeanza, ningesema tafuta ubao wa Socket 7 wenye 430TX, betri ya CR2032 na nafasi za ISA na PCI, uliowashwa mbele yako ukaona maandishi ya BIOS. Ukishaupata, fungua daftari. Andika namba iliyochapwa kwenye ubao, toleo la BIOS, mpangilio wa kila jampa na kila ulichokitengeneza. Miongozo mingi ya fani hii imeandikwa na watu wa nchi baridi, kwa mbao zilizokaa darini pakavu. Namna ubao unavyozeeka kando ya bahari ya Hindi, na namna ya kuuponya, ni elimu ambayo watu wa pwani ndio wenye nafasi ya kuiandika, na daftari lako ni mchango wake wa kwanza.