Goma: mtandao gani wa simu ni wa bei rahisi? Hesabu inaanza na watu unaowapigia

Kutoka Birere hadi Ndosho, mkaaji wa Goma hatembei mbali bila kuona mwavuli mwekundu au wa rangi ya machungwa, na chini yake mtu mwenye kuuza uniti. Kila mwavuli una tangazo lake: mega za zawadi, dakika za zawadi, intaneti ya usiku. Kwa mama mwenye kuuza makala katika soko la Virunga, kwa motari na kwa mwanafunzi, swali ni lile lile: kati ya mitandao hii, ni upi unakula franka kidogo?

Swali hilo si la mchezo. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji wa Goma, benki zilifunga milango na simu ikawa sanduku la pesa la familia nyingi. Msaada wa ndugu aliye Kinshasa, malipo ya mteja, pesa ya shule ya watoto, vyote vinapita ndani ya simu. Mwenye kuchagua vibaya hapotezi mega tu, anapoteza pia sehemu ya pesa ya chakula.

Jibu ni kwamba hakuna mtandao mmoja ulio rahisi kwa watu wote. Mtandao ulio rahisi kwa mwanafunzi wa Himbi unaweza kuwa ghali sana kwa mama mwenye kupokea makala kutoka Masisi. Lakini kila mtu anaweza kufanya hesabu yake mwenyewe, bila kusubiri tangazo.

Namba thelathini za mwisho

Katika Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo kuna kampuni nne kubwa za simu: Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Namba zao zinajulikana kwa mwanzo wake. 081 na 082 ni za Vodacom, 097 na 099 ni za Airtel, 084, 085 na 089 ni za Orange, 090 ni ya Africell.

Namba hizo za mwanzo zina maana kubwa katika bei. Mtu wa Airtel akimpigia mtu wa Airtel, mazungumzo yanabaki ndani ya nyumba moja. Akimpigia mtu wa Vodacom, Airtel inapaswa kuilipa Vodacom kwa kuyapokea mazungumzo hayo. Ndiyo sababu dakika nyingi za zawadi zinafanya kazi ndani ya mtandao mmoja tu. Mtu anaambiwa ana dakika 60, anampigia mama yake aliye kwenye mtandao mwingine, na uniti zinaanza kuisha wakati zile dakika 60 hazijaguswa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kadi mpya ya SIM, inafaa kufungua orodha ya simu zilizopigwa na kuhesabu namba thelathini za mwisho. Kama ishirini kati yake ni za mtandao mmoja, huo ndio mtandao wa kupigia, hata kama mwingine una tangazo tamu zaidi. Kama zimegawanyika nusu kwa nusu, simu ya kadi mbili itasaidia kuliko kifurushi chochote.

Mlingoti ulio karibu

Jambo la pili ni mahali. Ndani ya mji mitandao mitatu minne inaweza kushindana, lakini katika vijiji vingi vya Masisi, Walikale, Shabunda au Fizi mambo hayako hivyo. Kuna mahali ambako mtandao mmoja tu unafika, na mahali pengine mtu anapanda kilima ili apate kuzungumza. Mfanyabiashara wa Goma ambaye mlimaji wake wa maharagwe anapatikana kwenye mtandao mmoja hana uchaguzi mkubwa, ni lazima awe na kadi ya mtandao huo.

Hata ndani ya mji, kata kwa kata kunatofautiana. Mtandao unaokimbia vizuri Katindo unaweza kuchechemea Majengo, hasa jioni wakati watu wote wako nyumbani na intaneti inagawanywa kwa wengi. Njia nzuri ya kupima ni kuomba simu ya jirani mwenye mtandao huo, saa moja ya jioni, ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mega zenye kufunguka polepole zinakula muda, na kama zina saa ya kuisha, zitaisha kabla ya kutumika.

Uniti ni dola, mfuko ni franka

Wakaaji wengi wanalipa uniti kwa franka, lakini uniti zenyewe zinahesabiwa kwa dola: uniti 100 ni dola moja ya Marekani. Maana yake, franka ikishuka mbele ya dola, simu inapanda bei bila kampuni kubadilisha tangazo lake hata kidogo. Mwenye kupokea mshahara wa franka analisikia jambo hilo mbele ya mwenye kulipwa dola. Franka ikipata nguvu, muuzaji wa uniti naye anapaswa kushusha bei, na mnunuzi ana haki ya kumuuliza anabadilisha kwa ngapi leo.

Ndani ya bei hiyo kuna pia kodi. TVA ya 16%, iliyoanza kulipishwa nchini Januari 2012, inaguswa na kila mwenye kununua uniti, hata yule asiyejua kwamba analipa kodi. Wengi hawajasahau pia RAM, ile kodi ya kuandikisha simu iliyoanza Septemba 2020. Ilikuwa dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, na ilikatwa kidogo kidogo moja kwa moja katika uniti. Raia walilalamika, wabunge wakamuuliza waziri wa Posta na Mawasiliano, Augustin Kibassa Maliba, na mwaka wa 2022 RAM ikaondolewa. Somo lilibaki: bei ya kweli ya simu ni kile kinachobaki baada ya makato yote. Kwa hiyo ni vizuri kutazama uniti kabla na baada ya kila simu, angalau kwa wiki moja.

Mega zenye saa

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Tuchukue mfano, ambao si bei ya kampuni yoyote. Kifurushi cha siku moja kinatoa mega 100 kwa franka 500. Kifurushi cha mwezi kinatoa mega 1.500 kwa franka 9.000. Kwa karatasi, mega moja ya kifurushi cha siku ni franka 5, na mega moja ya kifurushi cha mwezi ni franka 6. Mtu atasema kifurushi cha siku ndicho rahisi.

Lakini kama mtu huyo anatumia mega 40 tu kwa siku, zile 60 zinakufa saa 24 zikitimia. Mega moja imemgharimu franka 12 na nusu. Akinunua kila siku kwa siku thelathini, ametoa franka 15.000 na ametumia mega 1.200. Kifurushi cha mwezi kingempa mega hizo zote, kikimbakizia mega 300 na franka 6.000 mfukoni.

Shida ni kwamba franka 9.000 kwa mara moja si kila mtu anazipata. Maskini ananunua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo ghali. Kuna wenye kuvuka kizuizi hicho kwa kifurushi cha wiki, ambacho kinakaa katikati. Wengine wanaiingiza pesa ya simu katika likelemba yao, kila mmoja anapata ya mwezi kwa zamu yake. Kinachoumiza zaidi ni kukopa uniti kwa kampuni: mkopo unarudishwa na nyongeza mara tu mtu anapoweka uniti mpya, na mwenye kukopa kila siku analipa bei ya juu kuliko wote.

Mega zikiisha, simu nyingi haziachi kutumia intaneti. Zinaendelea kwa uniti za kawaida, kwa bei ya juu. Asubuhi mtu anakuta sifuri bila kujua ni nani aliyekula. Dawa ni kuzima intaneti ya simu unapolala na kuizuia WhatsApp isijipakulie video na picha yenyewe. Video moja ya kundi la familia inaweza kula mega za siku nzima za mtu mwenye kuandika ujumbe tu.

Mpaka unaovuka wenyewe

Goma na Gisenyi, Bukavu na Rusizi, Uvira na Bujumbura, Kasindi na Mpondwe: mashariki mwa Congo, mlingoti wa nchi jirani mara nyingi uko karibu kuliko ule wa nyumbani. Wengi wana kadi ya Rwanda, ya Burundi au ya Uganda ndani ya simu, kwa kuwa wanaona intaneti ya huko inawafaa.

Kwa intaneti, hesabu hiyo inaweza kuwa sawa. Kwa mazungumzo, ni hesabu nyingine. Mwenye namba ya +250 akimpigia jirani yake mwenye namba ya +243, hata kama wako barabara moja, hiyo ni simu ya kimataifa, na jirani akirudisha simu ni vilevile. Mpango wa kupunguza bei za simu kati ya nchi za kanda ulioanza mwaka wa 2014 ulizihusu Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Congo, iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, haikuwa ndani ulipoanza.

Kuna pia mtego kwa asiye na kadi ya kigeni kabisa. Simu ikikosa mlingoti wa Congo, inaweza kushika wa ng'ambo yenyewe, na mwenye nayo analipishwa kama mtu aliye safarini. Wenye kukaa karibu na mpaka wanashauriwa kuingia katika mipangilio ya simu, kuchagua mtandao wao kwa mkono na kuzima matumizi ya intaneti ya nje ya nchi.

Pesa ya kutuma, pesa ya kutoa

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafuata kadi. Mwenye kutuma pesa kwa mtandao mmoja anaweza kuona bei nzuri, lakini mwenye kupokea ndiye atakayejua bei yote. Je, katika kijiji chake kuna mtu mwenye kutoa pesa ya mtandao huo? Au atalipa pikipiki hadi senta? Na wakati noti zinakosekana, kama ilivyotokea Goma baada ya benki kufungwa, mwenye kutoa pesa anaweza kuomba nyongeza juu ya ile bei iliyobandikwa ukutani.

Hesabu nzuri inaunganisha vyote vitatu: bei ya kutuma, bei ya kutoa na bei ya safari. Mara nyingine inafaa zaidi kutotoa noti kabisa na kumlipa muuza unga au muuza dawa kwa simu, kama naye anakubali.

Kadi iandikwe kwa jina lako

Kadi ya bure ya barabarani, ile inayouzwa ikiwa tayari imefunguliwa, inaweza kuwa ghali kuliko zote. Kama iliandikwa kwa jina la mtu mwingine, namba ni ya mtu huyo. Simu ikiibwa, mwenye kadi hataweza kuirudisha namba wala kudai pesa iliyomo. Kwa kuandikisha, kadi ya mchaguzi ndiyo inayotumiwa na wengi. Waliokimbia vita na kupoteza karatasi zao wako katika hatari kubwa hapa, kwani wengi wao wanatumia namba ya ndugu au ya rafiki. Ni vizuri wapatane naye mapema, mbele ya mtu wa tatu, juu ya pesa iliyo ndani.

Kampuni zinaweza kubadilika. Celtel iligeuka Zain, kisha Airtel mwaka wa 2010. Tigo ilinunuliwa na Orange mwaka wa 2016. Kampuni zikipungua, ushindani nao unapungua, na kazi ya kusimamia bei inabaki kwa ARPTC, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya Oktoba 2002. Mteja mwenye uniti zilizokatwa bila sababu anaanza kwa kuilalamikia kampuni yake, akiwa ameandika siku, saa na kiasi kilichokatwa, kabla ya kuenda mbele zaidi.

Kwa mama wa makala wa soko la Virunga, hesabu yote inaweza kuingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: anampigia nani, mtu huyo yuko wapi, mega ngapi anazitumia kwa siku, na pesa anaitoa wapi. Kama jibu ni kwamba wauzaji wake wa Masisi wako kwenye mtandao mmoja na watoto wake wa Goma kwenye mwingine, kadi mbili zitamtosha: moja ya kupigia na kupokea pesa, moja ya mega za wiki. Ya tatu, hata ikiwa ya bure, haihitaji.