Magari ya umeme na haibridi: Je, yanamfaa dereva wa Arua na Oraba?

Petroli inayotiwa garini Arua, Koboko au Oraba, kaskazini-magharibi mwa Uganda, huwa imeshasafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani ya Kenya, na gharama ya safari hiyo imo ndani ya kila lita. Kwa dereva wa teksi anayeishi kwa tofauti kati ya nauli na mafuta, gari linalotumia petroli kidogo, au lisiloitumia kabisa, ni jambo la kupigiwa hesabu. Hesabu yenyewe huanzia kwenye betri na soketi ya ukutani.

Barabara ya lami kutoka Vurra, mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ina urefu wa takriban kilomita 92. Ng'ambo ya Oraba ni Kaya, Sudan Kusini, ambako njia ya kuelekea Yei ni ya udongo na mashimo. Kwa umbali wa upande wa Uganda, gari la umeme kamili lingeonekana kutosha. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2010, ilikadiriwa na mamlaka za Marekani kwenda takriban kilomita 117 kwa chaji moja; toleo la baadaye lenye betri ya kilowati-saa 40 lilikadiriwa kilomita 243.

Makadirio hayo, hata hivyo, ni ya gari jipya, ilhali magari mengi yanayonunuliwa Uganda yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa. Leaf ya kwanza iliyopoteza theluthi moja ya uwezo wa betri yake hubakiwa na kilomita zisizofika 80. Itafika Oraba kwa shida, wala haitarudi Arua bila kuchajiwa. Aidha, betri ya matoleo hayo ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto ni miongoni mwa mambo yanayoichosha haraka.

Umeme wenyewe ni suala jingine. Kwa miaka mingi eneo la West Nile lilikuwa nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta za mafuta mazito mjini Arua na, tangu mwaka 2012, kituo kidogo cha maji cha Nyagak chenye megawati 3.5. Sasa laini ya kilovolti 132 inayotoka Kole na kupitia Gulu na Nebbi inafika Arua, na Uganda ina bwawa la Karuma la megawati 600. Ni mabadiliko makubwa. Lakini soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban kilowati 3, kwa hiyo betri ya kilowati-saa 40 huhitaji zaidi ya saa 13 kujaa, na umeme ukikatika usiku wa manane, abiria wa asubuhi atapanda gari la mwingine.

Je, jua haliwezi kuziba pengo hilo? Paneli moja ya wati 400, ikipata saa tano za jua kali, huzalisha takriban uniti mbili kwa siku, na uniti moja ni kilowati-saa moja. Gari linalokwenda kilomita 100 huhitaji karibu uniti 20, yaani paneli kumi kwa gari moja tu. Hesabu ya pikipiki ni nyepesi zaidi, kwani betri yake huwa ya uniti mbili au tatu hivi. Haishangazi kwamba mjini Kampala umeme umetangulia kwa bodaboda, ambapo dereva huacha betri iliyoisha kituoni na kuchukua iliyojaa.

Gari la haibridi halichomekwi ukutani, isipokuwa aina chache. Injini yake ya petroli husaidiwa na mota ya umeme, na betri hujichaji gari linapopunguza mwendo au kuteremka. Toyota ilianza kuuza Prius mwaka 1997, kisha Aqua, iliyo ndogo zaidi, mwishoni mwa mwaka 2011. Faida yake ni kubwa mahali pa kusimama na kuondoka kila mara, kama katikati ya Arua siku ya soko. Kwenye lami ndefu na nyeupe kuelekea Koboko, breki hazikanyagwi sana, na akiba hupungua, ingawa haitoweki.

Tuchukue bei za mfano: petroli shilingi 5,000 kwa lita na umeme shilingi 800 kwa uniti. Kwa kilomita 100, gari dogo la petroli linalotumia lita 8 hula shilingi 40,000, haibridi ya lita 5 hula 25,000, na la umeme hula takriban 16,000. La umeme linashinda kwa mbali, mradi dereva alale Arua au Koboko, awe na mahali pa kuchaji na asipokee wateja wa Kampala, iliyo umbali wa takriban kilomita 500. Anayekwenda Kampala mara kwa mara atafaidika zaidi na haibridi, kwa sababu kituo chochote cha mafuta kinamtosha.

Haibridi nayo ina masharti. Betri ya Prius na ya Aqua hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma. Vumbi likiiziba feni hiyo, betri hupata joto na kufa mapema. Kuisafisha ni kazi ndogo, lakini wengi hawajui kwamba ipo. Aqua pia iko chini sana, hivyo haifai kuvushwa Kaya.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai betri ipimwe kwa kompyuta, maana kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi hazielezi hali yake. Amtafute pia fundi mapema. Betri ya Prius ina zaidi ya volti 200, na nyaya zake za rangi ya chungwa hazipaswi kuguswa na fundi aliyezoea volti 12 peke yake.