Mkate Usio na Ngano kwa Mgonjwa wa Siliaki

Kwa mgonjwa wa siliaki, hata chembe za mkate wa ngano huweza kuujeruhi utumbo mwembamba. Chanzo ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai. Mkate mbadala huokwa nyumbani kwa korosho zilizosagwa, ufuta, mbegu za maboga na mayai. Mayai ndiyo hushikamanisha mchanganyiko pasipo gluteni. Korosho zisisagwe katika mashine isagayo ngano, na zenye ukungu zitupwe, kwani huenda zina sumukuvu isiyokwisha kwa joto la tanuri. Aidha, anayeshuku kuwa na ugonjwa huu asiache ngano kabla ya kupimwa damu: akiiacha mapema, kingamwili hupungua na kipimo huweza kumwonesha mzima ilhali ni mgonjwa.