Picha Inayotaka Usimame Uisome

Kazi ya mchoraji wa mabango kila mtu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, anaijua. Kichwa kilichonyolewa ukutani kwa kinyozi, chupa ya dawa mlangoni pa famasia: rangi kali isiyo na kivuli, mstari mweusi kuzunguka umbo, maneno makubwa ya kumwita mteja. Wataalamu wakiona picha ya namna hiyo kwenye turubai, haraka hutaja Marekani na sanaa ya popu. Kufanana kupo. Ila kila upande ulifika hapo kwa njia yake.

Tuanze na Mmarekani. Mwaka 1963 Roy Lichtenstein alichora Whaam!: ndege ya kivita inailipua nyingine, moto unawaka mwekundu na wa njano, na juu yake kishindo kimeandikwa kwa herufi nene. Picha ina vipande viwili, upana wake unafika mita 4, na jumba la sanaa la Tate la London ndilo linaloimiliki. Chanzo chake ni kijitabu cha katuni za vita, All-American Men of War, toleo la 89 la mwaka 1962, na mchoro wenyewe ulikuwa wa Irv Novick.

Ukiikaribia utaona nukta nyingi zilizopangwa sawasawa. Katuni za bei nafuu zilichapwa kwa nukta ili wino wa aina chache utoe rangi nyingi. Lichtenstein alizipaka kwa mkono, akipitisha rangi kwenye bamba lenye matundu. Yaani binadamu anajitahidi aonekane mashine! Mlipuko wake ni safi, wa kupendeza, hauna maiti. Aliyekuwa Bunia mwaka 2003, risasi zikilia mitaani, ataelewa kwa nini picha hiyo naisifu kwa ufundi tu.

Sasa twende Kinshasa. Mchoraji Chéri Samba, mzaliwa wa Kinto M'Vuila mwaka 1956, aliingia mjini 1972, akajifunza kazi kwa wachoraji wa mabango, na 1975 akafungua karakana yake. Alichora pia katuni katika jarida la Bilenge Info, kisha akavihamishia viputo vya maneno kwenye turubai. Sababu yake ina akili ya sokoni. Mpita njia huitupia picha jicho akaenda zake. Mwekee maandishi, atasimama asome, na akishasoma atabishana na jirani yake. Lichtenstein aliondoa hadithi akabakiza kishindo. Samba anaongeza maneno hadi picha inakuwa baraza: ukimwi, ufisadi, ndoa, biashara ya sanaa yenyewe.

Naye hajifichi nyuma ya mashine. Katika J'aime la couleur ya mwaka 2003 amechora kichwa chake mwenyewe kama utepe unaojizungusha, brashi imebanwa mdomoni. Kufikia hapo alikuwa anajulikana duniani, tangu maonyesho ya Magiciens de la terre mjini Paris mwaka 1989.

Upande wetu wa Kiswahili kuna mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi. Miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi katika picha zaidi ya 100. Maandishi kwenye turubai yalikuwa ya Kifaransa, lakini maelezo aliyatoa kwa Kiswahili cha Katanga, Fabian akayarekodi. Ndiyo maana leo tunajua alichokusudia.

Wachoraji wengi wa mabango hawakupata bahati hiyo. Hata Novick, turubai ya Lichtenstein ilipata umaarufu bila jina lake. Basi wewe mwenye duka, kabla hujalishusha bango la brashi ili uweke la plastiki lililochapwa kwa mashine, lipige picha, na uandike jina la aliyelichora.