Kusomea uendeshaji wa viwanja vya ndege: Kijana wa Njombe ajue nini kabla ya kulipa ada?

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakishatoka, simu za vijana wa Njombe na Makambako hujaa matangazo ya vyuo. Moja ya kozi zinazovuta macho ni uendeshaji na usimamizi wa viwanja vya ndege. Picha huwa ni ile ile: kijana nadhifu, tai shingoni, ndege kubwa nyuma yake.

Ila ada si mchezo. Kwa familia nyingi za huku inatoka kwenye viazi, parachichi, au miti ya mbao iliyosubiriwa miaka mpaka ikakomaa. Miti ikishakatwa, hairudi kesho. Ndiyo maana ni vizuri kujua mapema kozi hii inafundisha nini, na ikiisha mtu anabisha hodi wapi.

Kazi yenyewe ni ipi?

Wengi wakisikia "kazi ya uwanja wa ndege" wanawaza rubani au mhudumu wa ndani ya ndege. Hao ni watu wa shirika la ndege. Mtu wa uendeshaji wa uwanja anashughulika na ardhi: kuhakikisha ndege inakuta mahali salama pa kutua, pa kuegesha na pa kuondokea.

Siku yake inaweza kuanza kabla jua halijachomoza, akikagua barabara ya kurukia. Anatafuta nyufa, taa zilizozimika, mawe, vipande vya chuma, ndege wa porini na hata mifugo iliyoingia. Kipande kidogo cha chuma kinaweza kupasua tairi la ndege au kuharibu injini.

Baada ya hapo kuna kupanga ndege ipi iegeshe wapi, kusimamia foleni za abiria na mizigo, kufuatilia usafi na umeme wa jengo, na kutoa taarifa kwa marubani pale sehemu ya uwanja inapofungwa kwa matengenezo. Upande wa usimamizi kuna bajeti, mikataba ya maduka, maegesho ya magari na tozo zinazolipwa na mashirika ya ndege. Kwenye kiwanja kidogo, mtu mmoja anaweza kubeba nusu ya majukumu hayo.

Kwa nini si kazi ya kuchukulia poa?

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43, na 19 walifariki. Wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika na kuanza kuokoa.

Tukio lile liliwafanya Watanzania wengi waulize swali ambalo watu wa viwanja hulisomea darasani: ajali ikitokea, nani anafanya nini, kwa kifaa gani, ndani ya dakika ngapi? Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinataka kikosi cha zimamoto na uokoaji kiweze kufika sehemu yoyote ya barabara ya kurukia ndani ya dakika zisizozidi tatu. Muda huo haupatikani kwa bahati. Unatokana na mpango ulioandikwa na watu waliofanya mazoezi.

Hata Njombe yenyewe ni somo. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu huko ni nyepesi, hivyo ndege inahitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kupaa, au ipunguze mzigo. Ukiongeza ukungu wa miezi ya baridi, unaelewa kwa nini kupanga kiwanja cha nyanda za juu si sawa na kupanga cha Pwani.

Nani anaajiri?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Uwanja wa ndege ni mmoja, lakini waajiri ndani yake ni wengi.

• Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA, inasimamia viwanja vya serikali Tanzania Bara. Hawa ndio mwajiri mkuu wa maofisa wa uendeshaji. Zanzibar ina mamlaka yake.

• Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, inadhibiti sekta nzima. Waongoza ndege wanaokaa kwenye mnara ni wa TCAA, si wa TAA.

• Kampuni za huduma za ardhini, kama Swissport Tanzania, hupokea abiria, hupakia mizigo na kuhudumia ndege ikiwa chini. Kwa vijana wengi mlango huu unaweza kuwa wa kwanza.

• Mashirika ya ndege kama Air Tanzania na Precision Air yana maofisa wao wa vituo.

• Uhamiaji, Forodha, Polisi na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huleta watu wao kwa utaratibu wao wa ajira.

Kwa hiyo cheti cha uendeshaji wa viwanja hakimfanyi mtu kuwa mwongoza ndege, wala fundi wa ndege. Kazi hizo mbili zina mafunzo maalumu na leseni zake. Hata mkaguzi wa abiria na mizigo kwenye mashine lazima athibitishwe kwa mafunzo ya usalama wa anga.

Unasomea wapi?

Vyuo viwili vya umma vinavyotajwa zaidi viko Dar es Salaam. Cha kwanza ni Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Mabibo, ambacho kilianzishwa mwaka 1975. Kina kozi za usafirishaji na lojistiki pamoja na za usafiri wa anga, yakiwemo matengenezo ya ndege.

Cha pili ni chuo cha mafunzo ya usafiri wa anga kilicho chini ya TCAA, kinachofahamika kama CATC. Hiki kinajulikana kwa mafunzo ya waongoza ndege, taarifa za anga na usalama wa anga.

Nje ya nchi, Nairobi kuna East African School of Aviation, na Soroti nchini Uganda kuna chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa mwaka 1971. Vipo pia vyuo binafsi, na huku ndiko uangalifu unapohitajika zaidi.

Sifa za kuingia zinategemea ngazi. Kwa kawaida, astashahada ya awali inataka ufaulu wa angalau D nne kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Shahada kwa aliyetoka kidato cha sita inataka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Kozi husika inaweza kuongeza masharti, hasa Hisabati, Fizikia, Jiografia na Kiingereza.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Mwongozo wa mwaka husika usomwe kabla ya kuhesabu kwamba mkopo upo.

Maswali matano kabla ya kutoa pesa

1. Chuo kina usajili wa NACTVET, na kozi yenyewe imo kwenye orodha? Chuo kusajiliwa na kozi kusajiliwa ni vitu viwili tofauti.

2. Kama kozi inaahidi kazi yenye leseni, chuo kina kibali cha TCAA cha kutoa mafunzo hayo?

3. Mafunzo kwa vitendo yanafanyika kiwanja gani, kwa wiki ngapi? "Tutawatafutia" si jibu.

4. Gharama yote ni kiasi gani? Ada, sare, mitihani, chumba na nauli vihesabiwe pamoja.

5. Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi sasa? Chuo chenye majibu hakitasita kuwaunganisha.

Soko likoje?

Miradi ipo. Jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere lilizinduliwa Agosti 2019 likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Kuna mradi wa uwanja wa kimataifa wa Msalato, Dodoma. Kwa Nyanda za Juu Kusini, Songwe iliyo upande wa magharibi wa jiji la Mbeya ilifunguliwa mwaka 2012.

Lakini majengo kuongezeka hakumaanishi kila mhitimu atapata nafasi. Viwanja vyenye safari nyingi ni vichache, na nafasi za serikali hupita Sekretarieti ya Ajira, kwenye Ajira Portal. Kuomba ni bure. Anayedai "hela ya kusukuma faili" ni tapeli.

Ndiyo maana kijana anayetaka kujiachia mlango wa pili anaweza kufikiria lojistiki na usafirishaji. Elimu hiyo inatumika uwanja wa ndege, bandarini na kwenye reli. Makambako yenyewe ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana na ile ya Songea, na stesheni ya TAZARA ipo hapo hapo. Mtu anayejua kupanga mzigo wa parachichi ufike sokoni bila kuoza hakosi pa kuanzia, hata kabla tangazo la kazi la TAA halijatoka.