Kompyuta ya kamati haiunganiki tena: tufanye nini?



Kamati fulani bado zinatumia kompyuta ya zamani yenye Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001. Ripoti hutoka kwa njia ya modemu: ile ya waya wa simu, au ile ndogo ya USB yenye kadi ya simu. Siku moja kompyuta inakataa kuunganika na kuonyesha kosa namba 711. Hapo habari ya familia zilizofika usiku, au ya ugomvi unaoanza kwenye chemchemi, inabaki mezani. Nao ugomvi haungoji.

Kabla ya kununua modemu nyingine, tuelewe kwanza chanzo. Ndani ya Windows mna programu zinazofanya kazi bila kuonekana, zinaitwa huduma. Huduma ya Téléphonie, yenye jina fupi TapiSrv, ndiyo inayozungumza na modemu. Huduma nyingine, RasMan, hufungua njia ya kuunganika, lakini inaitegemea Téléphonie. Ya kwanza ikizimwa, ya pili haisimami.

Ni nani anayeizima? Mara nyingi ni mtu mwenye nia njema, aliyeambiwa kwamba kuzima huduma kutafanya kompyuta iwe nyepesi. Faida yake ni ndogo sana. Huduma iliyowekwa kwenye Manuel haisumbui, inaamka inapoitwa. Lakini ikiwekwa Désactivé, haitaamka hata ikiitwa.

Kwa kompyuta ya Kifaransa, fanyeni hivi:

1. Ingieni kwa jina la msimamizi wa kompyuta.
2. Bonyezeni Démarrer, kisha Exécuter. Andikeni services.msc, halafu OK.
3. Katika orodha tafuteni Téléphonie, mbonyeze mara mbili.
4. Penye Type de démarrage, kama ni Désactivé, chagueni Manuel, kisha Appliquer.
5. Fanyeni vilevile kwa RasMan. Fungueni huduma zinazotaja accès distant, moja moja, mpaka muone jina RasMan juu ya dirisha.
6. Zimeni kompyuta, iwasheni tena, mjaribu kuunganika.

Msiguse huduma za Plug-and-Play na RPC. Téléphonie inazitegemea zote mbili.

Kuna jambo moja zito zaidi. Tangu tarehe 8 Aprili 2014, Windows XP haipewi tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Mtu mbaya anaweza kuingia ndani yake wakati imeunganika. Kwa hiyo msihifadhi humo majina ya mashahidi, ya waliotendewa ubaya, wala ya wale waliowaletea habari kwa siri. Ripoti iseme jambo, mahali na siku. Majina yabaki kwenye daftari lililofungiwa. Mkipata kompyuta mpya zaidi, hamieni huko.

Tunawaomba pia msimwachie mtu mmoja ujuzi huu. Akihama, kambi nzima inabaki bubu. Wafundisheni watu wawili au watatu, mama na vijana wakiwemo, na hatua hizi zibandikwe ukutani karibu na kompyuta.

Habari ikifika mapema, wazee wanapata nafasi ya kupatanisha kabla mikono haijainuliwa. Tuilinde njia hiyo.