Kilo moja ya mwili, kilo nne za goti

WAKAAZI wa Mji Mkongwe wa Zanzibar huyajua magoti yao kwa ngazi. Nyumba nyingi za Shangani, Malindi na Kiponda ni za ghorofa, ngazi zake nyembamba na zilizosimama wima. Mwenye goti lililosagika mara nyingi huanza kuumia anaposhuka. Baadaye maumivu humfuata msikitini wakati wa kusujudu, hadi siku moja anaomba kiti.

Maradhi haya hutokea pale gegedu, tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa, linapolika. Umri, majeraha ya zamani na urithi huchangia, lakini uzito ndio sababu ambayo mgonjwa ana uwezo wa kuibadili. Mafuta ya mwili hayaishii kulielemea goti, kwani hutoa pia kemikali zinazochochea uvimbe ndani ya kiungo.

Wengi huambiwa hospitalini "punguza mwili" na kurudi nyumbani bila ya kujua waanzie wapi, katika jamii ambayo unene bado huhesabiwa na baadhi ya watu kuwa dalili ya neema. Wengine hukata tamaa wakidhani ni lazima wakonde kama vijana. Si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Stephen Messier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, ulionesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Aliyepunguza kilo 5, kwa hiyo, amelipunguzia goti kilo 20, na hatua za siku moja ni maelfu.

Kundi hilohilo lilichapisha mwaka 2013 matokeo ya watu 454 wenye uzito mkubwa na magoti mabovu, waliofuatiliwa kwa miezi 18. Waliofanya mazoezi peke yake walipunguza wastani wa kilo 1.8 tu. Waliopangiwa chakula walipunguza kilo 8.9, na waliounganisha chakula na mazoezi kilo 10.6. Hao wa mwisho ndio waliopata nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Kwa maneno mengine, uzito hupungua zaidi jikoni kuliko uwanjani, ila mazoezi hulipa goti misuli ya kulishikilia.

Jikoni Unguja kuna pa kuanzia. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni karibu gramu 50 za sukari kabla ya mtu kugusa andazi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kukaangia kina takriban kalori 120. Wali wa nazi si lazima uachwe, bali tui liwe jepesi, sahani iwe ndogo, na samaki wa kuchoma na mchicha wachukue nafasi ya bajia na kachori. Ramadhani nayo haimpunguzi mtu anayefuturu vya kukaanga na kumalizia kwa halua.

Kwa mazoezi, bahari ni zawadi. Kutembea ndani ya maji ya kifuani huubeba mwili na kulipumzisha goti. Nyumbani, kukaa kitini na kunyoosha mguu mmoja kwa sekunde chache, mara kumi kila upande, huimarisha misuli ya paja. Kulala kitandani kwa kuogopa maumivu huidhoofisha.

Zipo pia sindano za semaglutide. Utafiti wa mwaka 2024 ulionesha kuwa waliozitumia kwa wiki 68 walipunguza wastani wa asilimia 13.7 ya uzito wao, na maumivu ya goti yakapungua. Ni dawa ya gharama, huhitaji usimamizi wa daktari, na wengi wakiiacha uzito hurudi.

Mwenye kisukari aonane na daktari kabla ya kubadili mlo au kufunga. Na goti linalovimba ghafla, likawa jekundu na la moto huku mwili una homa, hilo lisisubiri mazoezi: lipelekwe hospitali siku hiyohiyo.